Mstari wa Saba

Mkurugenzi wa michezo alimkaribisha Nzi kwa kumwacha amesimama.

Ofisi ilikuwa na viti vitatu. Kimoja alikikalia mwenyewe, cha pili kilikaliwa na kombe la ubingwa wa miaka tisa iliyopita, na cha tatu kilikuwa na mpira wa wavu uliopungua upepo. Nzi alisubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesubiri chai asiyotazamia kupewa. Kisha akaunyanyua ule mpira, akauweka sakafuni, akaketi. Mpira ukajiviringisha taratibu hadi chini ya kabati na kukaa huko kwa aibu.

"Sikukwambia ukae."

"Wala hukuniambia nisikae."

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na hakuna aliyekuwa na haja nalo. Watu wa vyuo walimwita Nzi. Walimpa jina hilo kwa chuki, kwa sababu Baraza la Michezo ya Vyuo likimtuma mahali, basi mahali hapo pana kidonda. Yeye alilipokea bila kinyongo, maana nzi kufia kidondani si haramu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na tisa, polisi wa zamani, mwenye mkoba mweusi na tabia ya kusoma karatasi moja mara tatu mpaka mwenye karatasi aanze kutokwa jasho.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Saa nane mchana jopo la rufaa la Baraza lingeketi kuamua jambo la Ngazi.

Ngazi alikuwa mchezaji. Aliitwa hivyo kwa urefu, na walioucheka urefu huo walikuwa wameacha tangu siku walipokutana nao juu ya wavu. Aliichezea timu ya chuo hiki miaka miwili, kisha mwanzoni mwa msimu akahamia chuo cha upande wa pili wa mji. Kanuni za Baraza ziliruhusu kuhama, ila si kwa mtu anayetumikia adhabu ya nidhamu. Wiki mbili baada ya kuhama kwake, chuo hiki kilipeleka Barazani muhtasari wa kikao cha kamati ya nidhamu: eti kabla hajaondoka Ngazi alishafungiwa mwaka mzima kwa kutoroka kambini, alikuwepo kikaoni, alisikilizwa, akakubali.

Ngazi alisema hakuitwa kikao chochote. Na hapo ndipo palipokuwa na roho ya kesi. Kanuni za Baraza zilikuwa zimeandikwa ovyo toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mstari mmoja: hakuna anayeadhibiwa bila kusikilizwa. Kama kikao hakikufanyika, adhabu haipo. Kama kilifanyika, Ngazi hachezi. Na asipocheza hana usajili, maana chuo kipya kilimpa nafasi ya kimichezo: darasa, kitanda bwenini, vyote kwa mkono wa kulia wa binti huyo. Usajili ulikuwa unafungwa leo saa kumi na moja jioni.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomharibia Nzi usingizi. Kwenye orodha ya mahudhurio ya kikao hicho palikuwa na saini ya Ngazi. Saa moja asubuhi alimpelekea bwenini akaitazame.

"Hii ni saini yangu," alisema Ngazi.

"Kwa hiyo ulihudhuria."

"Sikuhudhuria."

"Saini ilikwenda peke yake, wewe ukabaki?"

"Dada, wewe si ndiye mpelelezi? Peleleza. Au ulitaka nikufanyie na hiyo?" Kisha akafunga mlango, na mlango wa bweni ukifungwa na mtu mwenye mkono ule husikika ghorofa tatu.

Sasa Nzi aliitandaza karatasi ile juu ya meza ya mkurugenzi.

"Kikao kilifanyika wapi?"

"Imeandikwa. Au siku hizi Baraza linaajiri watu wasiojua kusoma?"

"Waliojua kusoma waliandika kanuni wakachoka. Tumebaki sisi."

"Chumba cha mikutano," alisema mkurugenzi. "Alhamisi, saa nne asubuhi. Wajumbe wanne. Mimi mwenyekiti, karani wangu katibu, kocha mlalamikaji, na mlezi wa wanafunzi."

"Ambaye amestaafu mwezi uliopita na simu yake haipatikani."

"Mtu akistaafu anapumzika. Wewe jaribu."

"Ngazi alikaa wapi?"

"Hakukaa. Alisimama mlangoni. Mtuhumiwa haketishwi katikati ya watu kama bibi harusi."

"Alilia?"

"Yule? Yule halii. Yule analiza wenzake."

Nzi aliandika. Mkurugenzi alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mgongo umenyooka, nywele zimekatwa kama kwa rula, na kila alichosema alikisema mara moja tu, kama mtu aliyezoea kutobishiwa. Nzi akaigeuza karatasi imwelekee.

"Nisaidie hapa, nimekuwa mzito. Mistari ya orodha imeandikwa namba, moja hadi kumi na nne. Wajumbe mmesaini moja, mbili, tatu, nne. Ngazi amesaini mstari wa saba. Wa tano na wa sita imekuwaje?"

"Tuliacha nafasi. Mtuhumiwa hachanganywi na wajumbe."

"Na hii namba saba imezungushiwa duara."

"Alama ya mtuhumiwa."

"Kwenye vikao vyenu vyote?"

"Kwenye vikao vyetu vyote."

"Asante," alisema Nzi, akaamka. "Nikitoka hapa naanzia kwa karani."

"Utaanzia na utamalizia," alisema mkurugenzi. "Saa nane si mbali."

Karani alikuwa chumba cha pili, nyuma ya meza yenye mihuri saba iliyopangwa kwa ukubwa kama watoto wa familia moja. Alikuwa mama mtu mzima, miwani kifuani, na hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hatupokei wageni leo."

"Mimi si mgeni, mama. Mgeni hupewa kiti."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga sakafu iliyodekiwa sasa hivi.

"Unataka nini?"

"Orodha za mahudhurio za vikao vingine. Vitano tu. Baraza lina haki hiyo, kanuni ya kumi na mbili."

Mama yule alifungua kabati bila haraka, akatoa faili, akaliachia juu ya meza kutoka mahali pa juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nzi akafungua na kupanga karatasi tano kando ya ile yake. Alisoma mara moja, mara mbili, mara tatu. Karani akaanza kupanga upya mihuri iliyokwisha kupangwa.

Tofauti zilikuwa tatu, mbali na duara. Orodha za karani zilichapwa kwa kompyuta. Ile ya Ngazi ilikuwa fomu ya mistari iliyotoka kiwandani. Orodha za karani zilikuwa na urefu wa karatasi ya kawaida. Ile ya Ngazi ilikuwa fupi kwa vidole viwili, na ukingo wake wa juu ulikuwa umekatwa na mkasi, tena na mtu mwenye haraka. Na ya tatu: kwenye orodha za karani mistari isiyotumika iliachwa wazi tu. Kwenye ile ya Ngazi, mstari wa tano, wa sita, na wa nane hadi kumi na nne ilikuwa imefutwa kwa mstari mnyoofu wa rula, kila mmoja, kuanzia ukingo hadi ukingo. Duara nalo halikuwepo popote, wala kwenye kikao cha mtu aliyefukuzwa kwa wizi wa viatu vya timu nzima.

"Mama, mkasi huo ni wako?"

"Ni wa chuo."

"Na hii fomu?"

"Sijui fomu hiyo."

"Lakini umeisaini."

"Mwanangu, mimi naandika ninachoambiwa na nasaini ninachopewa. Nina miaka kumi na tisa hapa. Wakurugenzi watano wamepita. Wote walikuja na moto, wote waliondoka na boksi. Mimi na stepla tumebaki."

"Ulikuwepo kwenye kikao?"

"Saini yangu ipo."

"Sikuuliza saini iko wapi."

"Basi umeuliza vibaya." Akavaa miwani, ikawa kama amefunga pazia. Lakini Nzi hakuondoka. Alikaa palepale anaitazama karatasi, akihema taratibu, hadi yule mama akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na stepla: "Karatasi hiyo ilikuja mkononi mwa kocha. Nenda kamsumbue huko. Mimi nina kazi."

Nzi alivuka uwanja wa changarawe akiwa ameshaifunga kesi kichwani mwake, jambo ambalo mpelelezi hapaswi kulifanya kabla ya saa sita. Kocha alikuwa na sababu. Alikuwa amesema mbele ya watu kwamba Ngazi hatagusa mpira maadamu yeye yu hai. Alikuwa na fomu. Kilichobaki ni kumkamata na rula.

Ukumbi wa michezo ulinuka mpira na dawa ya misuli. Timu ilikuwa inajiandaa kwa mechi ya kirafiki na chuo cha ufundi, wageni wanapasha misuli upande mmoja na wenyeji upande wa pili. Kocha alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyokwisha kukwaruzika, na alipomwona Nzi alitema maji aliyokuwa anayanywa, si kwa mshtuko, kwa makusudi.

"Umekuja kunichukulia nani tena?"

"Leo sichukui mtu. Nauliza habari za Ngazi."

"Habari zake ni nzuri. Nilimfundisha kuruka. Alipojua kuruka, akaruka ukuta."

"Ndiyo maana ukamshitaki."

"Ndiyo maana nikamshitaki."

"Kikaoni alikuwaje?"

"Alilia sana. Alikaa pale karibu na dirisha, machozi kama bomba lililokatika. Mpaka nikamwonea huruma, na mimi sina huruma, waulize hawa."

"Mkurugenzi anasema alisimama mlangoni, na wala hakutoa chozi."

Kocha akaukausha mdomo kwa taulo. Aliukausha muda mrefu kuliko mdomo wenyewe ulivyokuwa.

"Labda alisimama kwanza," alisema, "halafu akakaa."

"Halafu akalia."

"Halafu akalia."

"Mkurugenzi akiwa amefumba macho."

"Dada, ni miezi minne. Wewe unakumbuka ulichokula jana?"

"Nakumbuka nilikula mezani, na meza haikuwa mlangoni."

Nzi angeendelea kumkaanga hivyo hivyo kwa mafuta yake mwenyewe, lakini jicho lake lilivutwa na meza ya mwamuzi kando ya uwanja. Mwamuzi wa mechi, kijana mkavu mwenye filimbi shingoni, alikuwa anachomoa fomu kutoka kwenye bahasha kubwa ya kaki. Fomu ilikuwa na mistari kumi na nne, imeandikwa namba. Juu yake kulikuwa na kichwa cha maandishi, majina ya timu, tarehe, mahali. Kichwa chenye upana wa vidole viwili.

Nzi akaisogelea meza ile polepole, kama mtu anayemkaribia kuku asije akamkimbiza.

Sehemu ya timu, tarehe na mahali ilikuwa tupu. Saini zilikuwa zimeshajaa.

"Nani nahodha hapa?"

Msichana wa jezi namba kumi na moja akaja, anahema, mikono kiunoni.

"Umesaini hii lini?"

"Mwanzo wa msimu. Zote tunasaini mwanzo wa msimu. Nahodha anaanza kuzisaini peke yake, rundo zima, halafu ndio zinazunguka kwa wenzake. Kila mtu kwenye mstari wa namba ya jezi yake."

"Mnasaini zikiwa tupu?"

"Zikijaa tutasaini wapi?"

Wenzake wawili wakacheka. Nahodha hakucheka, alikuwa anamtazama kocha, na kocha alikuwa anatazama dari.

"Ni kwa ajili ya basi," alisema nahodha, sasa kwa sauti ndogo. "Siku ya mechi tukianza kusaini, basi linatuacha. Ni kawaida tu."

Kwenye fomu ile namba kumi na moja ilikuwa imezungushiwa duara.

"Na duara?"

"Ni la nahodha. Nahodha namba yake inazungushiwa. Hata mtoto anajua."

"Mimi mtoto wangu bado mdogo. Nahodha wa mwaka jana alikuwa nani?"

Mpira mmoja ulidundadunda upande wa wageni hadi ukachoka.

"Ngazi," alisema nahodha.

"Jezi namba ngapi?"

"Saba."

Nzi akaifungua ile orodha ya mahudhurio, akaiweka juu ya fomu ya mechi, mstari juu ya mstari. Zililingana kama nyayo za mtu mmoja. Kilichopungua ni kile kichwa cha vidole viwili, ambacho mkasi wa chuo ulikuwa umekifanyia kazi yake. Ngazi hakuwa amesema uongo hata kwa neno moja. Saini ilikwenda kikaoni peke yake, naye akabaki.

Ila hiyo ilieleza karatasi imetoka wapi. Haikueleza mkono. Nzi alikuwa anamgeukia kocha ammalizie mkaango, mwamuzi alipochukua rula. Alihesabu wachezaji, akalinganisha na saini, kisha akaanza kuifuta mistari iliyobaki wazi, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ukingo hadi ukingo.

"Hiyo unafanya nini?"

"Nafunga orodha. Mtu asije akaongezwa baada ya filimbi."

"Makocha nao hufunga hivyo?"

Mwamuzi alimtazama kwa huruma. "Kocha? Dada, kocha ndiye ninayemfungia. Kocha ukimwachia mstari mmoja wazi, kipindi cha pili anakuletea mchezaji kutoka hewani. Hujapata kuona kocha aliyefunga orodha kwa hiari yake, na hutamwona."

"Karani je?"

"Karani wa ofisi atajuaje? Huu ni mkono wa refa. Ukishaizoea, hata orodha ya harusi unaifunga. Mke wangu amenikataza."

"Nani alikufundisha?"

"Mkurugenzi wa hapahapa. Alipuliza filimbi miaka ishirini kabla hajapewa ofisi. Mstari ukiuacha wazi mbele yake, ile rula inahamia kwenye vidole vyako."

Nzi alishukuru. Kisha akamgeukia kocha, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye benchi na taulo kichwani, kama bondia aliyepigwa na asiyemwona.

"Nilikuonea," alisema Nzi. "Nilikuwa nimekupa kesi nzima. Kumbe yako ni nusu."

"Sijaghushi kitu."

"Najua. Wewe ungeacha mistari wazi."

Kocha akalivua taulo. "Mkurugenzi aliniomba zile fomu zilizobaki, zenye saini ya nahodha tu. Zilikuwa hazina kazi, mwenyewe ameshaondoka. Nilidhani anataka kuzichana."

"Na machozi ya karibu na dirisha?"

"Aliniambia niseme nilikuwepo. Hakuniambia niseme nini."

"Kwa nini ukakubali?"

"Kwa sababu aliondoka bila kuniaga," alisema kocha, na sauti yake iliyokwaruzika ikawa mbaya zaidi. "Miaka miwili, halafu naambiwa na mlinzi wa geti. Nilitaka akae benchi mwaka mmoja aone. Sasa andika, niache na mechi yangu."

Nzi aliandika, akamsainisha chini ya maelezo yaliyojaa. Kisha akaichukua bahasha ya kaki, yote.

Saa sita na nusu Nzi alikuwa tena ofisini kwa mkurugenzi. Safari hii alikuta mpira umerudishwa kwenye kiti cha tatu ili pasiwe na mahali pa kukaa, basi akasimama, na kusimama kukamfaa. Aliweka mezani orodha ya mahudhurio, juu yake fomu nzima ya mechi, kando yake maelezo ya kocha. Aliacha karatasi ziseme.

Mkurugenzi alizisoma mara moja tu. Hakutokwa jasho. Nzi alimheshimu kidogo kwa hilo, kama unavyomheshimu mbwa anayeuma bila kubweka.

"Kikao hakikufanyika," alisema Nzi.

"Kingefanyika angepatikana na hatia ileile. Alitoroka kambini kweli."

"Inawezekana. Ungemuuliza."

"Kumuuliza nini? Mimi nimepuliza filimbi miaka ishirini. Umewahi kuona refa anamuuliza mchezaji kama amegusa wavu?"

"Basi ndivyo ulivyoiendesha ofisi."

"Ndivyo inavyoendeshwa." Akaisukuma ile orodha mbele, kwa kidole kimoja. "Sikiliza, Nzi. Tuzungumze kama watu wazima. Unataka binti yule acheze?"

"Nataka asikilizwe."

"Hayo ni maneno ya kanuni. Mimi nakuuliza kama leo unataka alale kitandani kwake. Sasa hivi naandika barua ya mistari miwili: chuo kimeuondoa muhtasari, hakina pingamizi. Saa nane jopo linamruhusu, saa kumi na moja amesajiliwa. Wewe unaniachia bahasha hiyo, na neno kughushi halitamkwi."

"Na nikilitamka?"

Mkurugenzi akatabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi, na haikuwa sura ya kuzoeleka. "Kanuni ya thelathini na moja. Waraka ukidaiwa kughushiwa, shauri zima linasimama mpaka kamati ya sheria iukague. Siku arobaini na tano. Msimu umeisha, usajili umefungwa, nafasi yake bwenini amepewa mwingine. Kanuni hiyo naijua vizuri. Niliiandika mimi."

Nzi aliijua pia. Aliijua kwa namba na kwa herufi, ila hakuwahi kuitazama kutoka upande ule, upande wenye makali. Mchunguzi mzima, na kanuni tatu za Baraza mfukoni, amefungwa kamba na mshitakiwa wake mwenyewe.

Akatoa simu, akampigia Ngazi.

"Nini?" alipokea Ngazi.

"Niko ofisini kwa mkurugenzi. Nimeweka sauti nje, anasikia."

"Vizuri. Shikamoo, mkurugenzi. Umenenepa?"

Mkurugenzi hakuitika salamu hiyo. Nzi akaeleza, bila kupamba: karatasi ilikotoka, mkono ulioifunga, barua ya mistari miwili, siku arobaini na tano. Alipomaliza, upande wa pili palisikika watu wanaburuta vitanda na mtu anaimba vibaya.

"Kwa nini anaitaka hiyo bahasha?" aliuliza Ngazi.

"Kwa sababu ina fomu za msimu huu. Thelathini na mbili. Zimesainiwa na timu nzima, wote kumi na wawili, na juu ni tupu. Anaweza kuandika lolote. Kikao, kiapo, kukubali adhabu, kukataa kuhama."

"Namba mbili yumo?"

Nzi akapekua. "Yumo. Saini yake ina kiua mwishoni."

Aliyekuwa anaimba alinyamazishwa na mtu.

"Yule mtoto alipokuja mwaka jana alitaka kuisoma kabla hajasaini," alisema Ngazi. "Alishika kalamu anauliza mbona haijaandikwa kitu. Mimi ndiye niliyemwambia asaini tu, asitucheleweshe. Nahodha."

"Hukujua."

"Sikukupigia unibembeleze. Wewe umenipigia mimi." Alipumua. "Unataka niseme mimi, ili nikikosa chumba useme nilitaka mwenyewe."

Nzi alikuwa na jibu la polisi, lenye vifungu. Akalimeza. "Ndiyo," alisema. "Kidogo."

"Angalau wewe huongopi." Kisha kwa sauti kavu: "Bahasha asipewe. Na usinipigie tena kuniuliza kazi yako."

Simu ikakatika. Mkurugenzi akajiegemeza kitini, uso wake umekuwa mwekundu chini ya macho.

"Umemmaliza binti wa watu," alisema. "Kwa ajili ya makaratasi."

"Nimemuuliza," alisema Nzi, akiifunga bahasha kwa mpira. "Inachosha, lakini inawezekana. Saa nane usichelewe."

Jopo liliketi kwenye chumba chenye feni moja iliyozunguka bila kupuliza. Wazee watatu mezani, mwenyekiti katikati, mkurugenzi upande wa kulia na wakili wa chuo, Nzi upande wa kushoto na bahasha. Ngazi aliingia mwisho, akainamisha kichwa mlangoni kwa mazoea, akaketi nyuma kabisa bila kumsalimia mtu.

Wakili aliamka kwanza. Alisema chuo, kwa moyo wa upendo kwa wanamichezo, kiko tayari kuuondoa muhtasari wake, na kwamba hakuna sababu ya kuendelea. Mwenyekiti alifurahi wazi; alikuwa mtu wa kupenda kufika nyumbani mapema. Alishika kalamu.

"Kuna yeyote anayepinga?"

Nzi alikuwa ameshaanza kuinuka kiti kilipoburuzwa nyuma yake. Watu wakageuka, kisha wakainua macho zaidi.

"Mimi," alisema Ngazi. "Karatasi ile imeghushiwa. Naomba ikaguliwe."

"Binti," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye mwenye rufaa. Chuo kinakuachia. Unaelewa maana ya unachokiomba?"

"Maana yake leo sina chumba," alisema Ngazi. "Andika."